Kabla hujamsogelea ndege, angalia kivuli chako kimelala wapi

Nyie mnaoanza kupiga picha za ndege, swali la kwanza huwa ni ninunue lenzi gani nimpate kwa karibu. Lenzi baadae. Kwanza angalia kivuli chako, kikiwa kimelala kuelekea kwa ndege basi jua liko mgongoni kwako na manyoya utayaona yote, kikiwa kimelala nyuma yako usipoteze muda, zunguka taratibu au tafuta ndege mwingine. Mi mwanzoni nilikuwa nawakimbiza tu, alipo nipo, nikirudi nyumbani kadi imejaa na kila ndege mweusi kama mkaa juu ya anga jeupe, iliniuma sana.

Chukua chozi dume, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Ule ujani wake unaong'aa hautokani na rangi kama ya kupakwa, unatokana na jinsi unyoya wenyewe unavyorudisha mwanga, kwahiyo akigeuka kidogo tu unazimika na unabaki na kindege cheusi. Kuna asubuhi nilikaa mbele ya kichaka cha maua kama saa nzima, chozi anakuja ananing'inia anafyonza anaondoka, nikapiga kama picha 80 hivi na ni 3 tu ambazo koo limewaka, zote ni zile alizogeuza kifua kwenye jua. Mi sikusogea hata hatua moja, yeye ndo alikuwa anakuja. Tangu hapo nachagua sehemu yenye mwanga mzuri na kitu ndege anachokipenda, afu nakaa.

Saa nzuri ni yale masaa mawili ya kwanza jua likishachomoza na mawili ya mwisho kabla halijazama. Jua la utosini linatupa kivuli machoni, na jicho lisilo na ile nukta ya mwanga linamfanya ndege aonekane kama amekaushwa, tena joto likipanda hewa inacheza na lenzi ndefu haitoi picha kali hata ufanyeje. Ila wingu jepesi msilikimbie jamani, kwa ndege weupe na weusi ni zawadi.

Sasa hapa wengi wanaangukia. Yangeyange mweupe amesimama mbele ya maji yenye kiza, kamera inapima wastani wa picha nzima, inaona giza, inaongeza mwanga, manyoya yanaungua yanakuwa kama karatasi na hata kwenye kompyuta hayarudi. Punguza stopu 1, yaani mwanga ubaki nusu, wakati mwingine zaidi. Kunguru kwenye anga jeupe ni kinyume chake, ongeza 1 mpaka 2. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, ikiwa imejibana ukuta wa kulia umeshapoteza. Na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, usibishane na hilo.

Ukishakaribia kweli ndo utaona kazi nyingine. Lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6 (ndo upana wa tundu la lenzi), ndege yuko mita 3, sehemu iliyo kwenye fokasi, yaani inayotoka kali, ni kama sentimita 2 tu, kwahiyo fokasi iwe jichoni, mdomo na mkia ukififia hakuna shida. Lenzi nyingi ndefu hazifokasi chini ya mita kadhaa, soma yako inaanzia wapi kabla hujalaumu mkono. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde kwa aliyetua na hatulii, 1/2000 au zaidi akiruka.

Kumsogelea, usimwendee moja kwa moja huku umemkodolea macho, nenda mshazari, chuchumaa, simama, tena. Akinyoosha shingo au akiacha kula ujue umeshamsumbua, ganda hapo hapo au rudi nyuma. Kwenye kiota mi nakataa kabisa, ukikata majani ili upate mwanga unawaachia makinda jua kali na kila anayewawinda anawaona. Hakuna picha yenye thamani hiyo.

Kitu kingine kilichonisaidia sana ni upepo. Ndege kwa kawaida huruka na kutua akiwa ameuelekea upepo, kwahiyo siku upepo na jua vyote viko mgongoni kwako kaa hapo hapo ulipo, kamera usoni, kidole kwenye kitufe, maana akiruka anakuja upande wako na mwanga umemjaa usoni.