Kazi ya gari la wagonjwa huku Ohio, Marekani, mdogo wangu

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza kama wewe, tabibu mwenye stashahada hapo Muheza, uache kazi uje kupanda magari ya wagonjwa kama mimi, maana umesikia inalipa.

Stashahada yako huku haikupi leseni. Utaanza upya: kozi ya miezi kadhaa, mtihani wa taifa, kibali cha jimbo. Na ukishafuzu, wewe uliyezoea kutundika dripu usiku wa manane, ukiwa ngazi ya kwanza, majimbo mengi yanakukataza kuigusa. Utapima presha, utaweka oksijeni, utakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika mpaka mikono ife ganzi. Ila siku nyingi hakuna king'ora. Ni kubeba wazee kwenda kusafishwa figo na kuwarudisha, zamu ya saa 12. Nalipwa dola 21 kwa saa. Kodi ya nyumba, bima na gari vikishakula, kinachobaki ndicho mnachokiona kwenye M-Pesa. Mgongo unaniuma hata sasa.

Lakini kuna linaloniuma kuliko mgongo. Mwezi uliopita tulimkuta bibi mmoja chini, kati ya kitanda na mlango wa choo, khanga yake ya kulalia, tuseme, imelowa. Alianguka tangu jioni. Akanishika kifundo cha mkono, baridi kama samaki, akauliza: "Mwanangu, hili gari litanigharimu kiasi gani?" Kabla sijamwuliza anaumwa wapi, yeye kaniuliza bei. Bili hufika hata zaidi ya dola 1,000, na hela hizo hazitufikii sisi. Sheria ya taifa iliyoanza 2022 kuzuia bili za kushtukiza iligusa ndege za wagonjwa, magari ikayaacha. Nilipiga magoti nikambembeleza, akakataa, akasaini karatasi ya kukataa kupelekwa. Nikamkalisha kitini, nikamsogezea simu na maji. Nikaondoka nalia.

Nilidhani yale ya ndugu kuchangishwa mafuta ya gari la hospitali nimeyaacha Tanga. Leo mjamzito wa kwetu akipatwa na dharura anapiga 115, anafuatwa bure. Yule bibi hana namba ya namna hiyo.

Ukija kwa shule ya uuguzi, chumba kipo na uwanja wa ndege nitakupokea. Kwa kazi hii yangu, usiuze michungwa ya baba.