Rangi inayobambuka ukutani
Dada, umesema ukuta wa sebule ya mkweo hapo Mji Mkongwe unabambuka rangi kila mwaka, na mwaka huu mpya mnataka kuuanza kwa kuupiga ukuta huo saruji. Usithubutu! Nyumba zile ni za mawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani. Mimi nilipiga, masika yalipokwisha lipu ikavimba kama andazi (mume wangu mpaka leo ananicheka). Kwangua yote mpaka jiwe lionekane, acha upepo wa kaskazi uukaushe wiki kadhaa, ndipo upige lipu ya chokaa na mchanga. Watoto wasisogee, chokaa huunguza macho. Ukiona ufa mpana au boriti imeoza, simama, mwite fundi wa majumba ya kale, na uulizie kibali kwanza.