Usimpandishe mtamba kabla hujahesabu mvua

Mtamba wangu wa kwanza, yaani ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa, alizaa Oktoba. Ukiwa mtu wa Nachingwea, huku Lindi, unaijua Oktoba: mbuga imeshaungua, kisima kimeshuka, na kila mwenye mikono yuko chini ya mkorosho anaokota. Hata kijana wangu wa kuchunga alikuwa ameomba ruhusa akaokote. Jioni nikamkuta mtamba kalala ubavu, kwato mbili za ndama zimechungulia, hazisogei. Tukafunga kamba juu ya vifundo, mimi na jirani, tukawa tunavuta kila anaposukuma, akipumzika nasi tunapumzika. Ndama alitoka hai. Mama alibaki mifupa, na hakuonyesha joto, yaani hamu ya kupandwa, tena mpaka mvua zikolee.

Kosa langu. Dume alizunguka na kundi mwaka mzima, tena chotara wa Borani, aina ya ng'ombe wakubwa, mwili mkubwa kwa mtamba wa zebu wetu mdogo wa kienyeji.

Sasa naanza na majani, narudi nyuma. Huku Kusini mvua ni msimu mmoja: huanza Novemba mwishoni au Desemba, zikaisha Aprili au Mei. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Anayepandwa Aprili 1 atazaa wiki ya pili ya Januari, majani yakiwa yamejaa. Wakubwa nawaingizia dume tarehe hiyo. Mitamba wanaanza mapema, Machi 10, wazae kuanzia katikati ya Desemba.

Kwa nini wiki tatu mapema? Anayezaa mara ya kwanza bado anakua, hapo hapo ananyonyesha, kwa hiyo huchelewa kurudi kwenye joto kuliko mama zake. Siku 21 ni mzunguko mmoja wa joto. Ukimpa mzunguko huo mbele, mwaka wa pili hataachwa na kundi. Wengi hawalioni hili, wanamlaumu dume.

Umri usikudanganye, angalia uzito. Mtamba awe amefika asilimia 60 hadi 65 ya ng'ombe mkubwa wa aina yake. Wakubwa wako wakiwa na kilo 250, yeye asipungue 150. Tepi ya kupimia kifua inatosha kukadiria uzito. Na dume lake liwe dogo.

Shida yetu ni madume ya jirani malishoni. Mitamba wangu wanachungwa peke yao mpaka Machi. Ni usumbufu, lakini sijaona njia nyingine.

Hesabu hii ina ubaya mmoja: miezi mitatu ya mwisho ya mimba inaangukia kiangazi. Maganda ya mbaazi ninayaweka tangu mavuno, naongeza pumba na mashudu kidogo ya ufuta. Asinenepe kupita kiasi, mafuta hubana njia ya ndama. Mabibo, matunda ya mkorosho, wanayapenda mno, usiwaachie wajazane, yakichacha tumboni utajuta.

Kuanzia Desemba kamba safi na sabuni vinakaa juu ya mlango wa zizi. Kwato zikionekana na saa nzima ikapita bila kusogea, nampigia afisa mifugo kwanza, ndipo nashika kamba.