Kabla Hujanunua Betri Mpya, Pima Ethi

Juni ikiingia, asubuhi za Makambako, Mafinga na Uyole magari mengi hugoma kuwaka, na lawama ya kwanza huiangukia betri. Ni kweli baridi huidhoofisha. Betri ya asidi ikikaribia nyuzi 0 hubaki na takribani theluthi mbili ya nguvu yake ya siku za joto, na oili iliyokuwa nzito huifanya stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, ivute umeme zaidi. Lakini mara nyingi betri ni nzima, tatizo ni ethi: ule waya mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Miezi ya joto kasoro yake inajificha, gari linawaka hivyo hivyo.

Stata ya gari dogo la petroli huvuta kama ampea 150 hadi 200, na ya dizeli inaweza kuvuka 300. Umeme wote huo lazima urudi kwenye hasi. Kutu yenye upinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiusomi sawasawa, inakula volti 2 kwenye ampea 200. Stata ikipata volti 8 hivi itagonga tik tik na taa kufifia.

Kwa hiyo usipime kwa omu. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi inayotokeza kwenye betri, siyo kwenye kibano cha waya kinachoishika. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, kisha mtu apige stata sekunde 3 hadi 5. Ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzuri. Ikivuka 0.5, umempata mchawi. Sasa sogeza ncha nyeusi hatua kwa hatua: kwenye kibano, kwenye kichwa cha waya, kwenye bolti ya bodi. Pale namba inaposhuka ghafla ndipo pa kushughulikia.

Angalia pia waya wa kati ya injini na bodi. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, na mpira haupitishi umeme. Baada ya kushusha injini au kupiga rangi, waya huu husahaulika au hufungwa juu ya rangi. Umeme ukikosa njia hurudi kupitia kebo ya mafuta au ya gia. Ukikuta kebo ya namna hiyo ina joto na imekuwa nzito baada ya kupiga stata, usitafute kwingine.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, mara nyingi kwa spana namba 10. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji yenye kijiko cha magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimekazwa, magadi yasiingie ndani. Suuza, kausha. Sugua nguzo, kibano, na mahali pa bolti kwa msasa mpaka chuma king'ae, upana wa kichwa cha waya wote. Weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi kwa nje. Hasi irudishwe mwisho.

Waya wa zamani ukiwa mweusi kwa ndani, usiukwangue, badilisha. Petroli inatosha milimita 25 za mraba, dizeli 35. Hapa watu wengi wanaibiwa: waya unaonekana mnene kumbe ni plastiki. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, uache. Vichwa vibanwe kwa mashine ya kubania, siyo kupondwa kwa nyundo.

Kuongeza waya wa pili kutoka hasi hadi karibu na bolti za stata kunasaidia sana dizeli. Ila gari lenye kisensa kwenye kibano cha hasi, waya huo anzia kwenye bodi, usiufunge kwenye nguzo, la sivyo kompyuta itasoma chaji vibaya.

Ukimaliza, pima tena vilevile. Magari yanayoshinda kwenye mvua na matope ya Tukuyu yarudiwe kila Mei, kabla baridi haijakaza.