Choo kichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza

Ndugu yangu kalazwa Dodoma mjini, anaharisha damu. Choo kimeoteshwa, jibu: hakuna kilichoota. Mbona bado anaumwa? (Kongwa)

Kuotesha ni kuweka choo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria ili waongezeke na kuonekana. Je, kilichukuliwa kabla ya antibiotiki au baada? Mgonjwa akichomwa antibiotiki ya seftriaksoni saa nne asubuhi na choo kikachukuliwa saa kumi jioni, usitegemee kitu kuota. Kwa mgonjwa mahututi dawa isisubiri, lakini kuchukua usufi (kijiti chenye pamba cha kuchukulia sampuli) ni kazi ya dakika moja tu.

La pili, kilikaa wapi? Bakteria Shigela, ambaye ndiye msababishi mkubwa wa kuhara damu, hufa upesi nje ya mwili. Saa 2 juu ya meza ya wodi kwenye joto la Novemba zinatosha kumpoteza, huku bakteria wa kawaida wa tumboni wakizidi kujaa. Maabara ikiwa mbali au imefungwa, chovya usufi penye kamasi na damu, utumbukize kwenye kichupa cha Cary-Blair (rojo la kusafirishia sampuli), uweke kwenye friji. Na bedpani iliyooshwa kwa jiki isuuzwe vizuri, maana masalia yake yanaua mnachokitafuta.

Sampuli ya kipindupindu nayo iwekwe kwenye friji? (Muuguzi, Bahi)

Hapana. Bakteria wa kipindupindu baridi inamdhuru. Cary-Blair, kivulini, joto la kawaida.

Mgonjwa wa nimonia, siku ya 9 wodini, ameanza kuharisha mara 5 kwa siku. Tuoteshe choo?

Aliyeingia bila kuharisha na siku 3 zikapita, ni nadra kumkuta na Salmonela au Shigela, labda wodi iwe na mlipuko. Mfikirie Clostridioides difficile, bakteria anayeshamiri antibiotiki zikishafagia bakteria wema. Hataki oksijeni, kwa hiyo haoti kwenye sahani za kawaida, na jibu la "hakuna" halimwondoi. Mtaje kwenye fomu, kisha uliza kama maabara ina kipimo cha sumu yake au cha vinasaba. Peleka choo laini au cha maji, kile kinachofuata umbo la kichupa. Kigumu kitarudishwa, na ni haki. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipimwe, wengi wanambeba bila kuugua. Akipona, msirudie kipimo.

Antibiotiki isiyo ya lazima isimamishwe leo hii. Mikono mnawe kwa sabuni na maji tiririka: spiriti haiui spora zake, yaani mbegu zake ngumu.

Mtoto ana nepi, tukamue humo?

Hapana, nepi imeshanyonya maji yote. Tumia usufi wa njia ya haja kubwa, utoke na rangi ya choo. Mkavu ni kazi bure.

Widal yangu inasoma 1:160. Nina taifodi?

Swali hili linarudi kila mara. Widal ni kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili dhidi ya taifodi, na kimoja hakithibitishi ugonjwa: kingamwili hubaki mwilini muda mrefu, na malaria nayo inaweza kukipandisha. Inayotakiwa ni damu ya kuotesha, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya dawa. Kama umeshanunua antibiotiki ya siprofloksasini kwa karatasi hiyo ya majibu, mwambie daktari jina la dawa na siku uliyoanza, iandikwe kwenye fomu.