K ya Kigoma: ushauri kwa anayetunza seva za mradi wa kujitolea

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na sisi wa Dar tukabaki na intaneti ya jina tu. Nilikuwa nimejilaza sebuleni, na kusema kweli nilifurahi kimoyomoyo: leo hakuna wa kunisumbua. Saa tisa alasiri simu ikaita, ile ya kawaida ya kukata vocha. Alikuwa mwenzangu wa Nairobi.

"Kaka, seva imelala. Ukurasa haufunguki, kupakua hakuna."

Kenya nao waliguswa siku ile, ila mtandao wake ulikuwa unatambaa. Angeweza kuingia kwenye seva akaiamsha, kama angekuwa na funguo. Hakuwa nazo. Mradi wetu ni programu huria ya kusimamia maktaba ndogo za shule, na kwa miaka minne funguo zake zote zilikuwa kwenye kompyuta moja tu. Yangu.

Basi nikaanza kumsomea paswedi ya akaunti tunakokodi seva. Herufi 22. "K kubwa, ya Kigoma. m ndogo, ya Mbeya. Alama ya dola. Sifuri, usiandike O." Tulirudia mara tatu. Ikaja zamu ya ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30. Bahati nzuri programu yake inafanya kazi kwenye simu hata bila bando. Nikamsomea. "Imegoma." Nikamsomea tena. "Imegoma, kaka." Nikamwambia subiri ibadilike, nikusomee ikiwa bado mbichi.

Akaingia. Diski imejaa asilimia 100: faili la kumbukumbu, ambamo seva huandika kila inachofanya, lilikuwa limevimba mpaka gigabaiti 31. Akalifuta, akaangalia tena kwa df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, bado 100. Hapa wengi huchanganyikiwa. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, faili ukilifuta huku programu bado imelishika, nafasi hairudi mpaka programu iliachie. Akaizima huduma na kuiwasha upya, nafasi ikarudi. Kazi ya dakika tano ilitula saa mbili, na vocha sitaki hata kuitaja.

Tangu siku hiyo, kijana akikabidhiwa seva za mradi wa kujitolea na kuniuliza aanzie wapi, simpeleki kwenye mitambo yoyote. Namwambia aandike majina ya watu wanaoweza kuingia kwenye seva yeye akiwa hospitali, msibani au kijijini kusiko na mtandao. Likitoka jina moja, kazi ya kwanza imeshajulikana. Wawe wawili au watatu, na ikiwezekana wasitegemee kebo moja. Kila mtu awe na ufunguo wake mwenyewe. Msigawane mmoja, kwa sababu siku mmoja akiondoka, hata kama ameondoka kwa heri, mtafuta wa kwake tu na maisha yataendelea.

Kwenye orodha hiyo usisahau pesa. Domeni yetu, yaani jina la tovuti, ilikuwa ikilipiwa kwa kadi ya mmoja wa waanzilishi. Kadi ikaisha muda, na barua pepe za kukumbushia zikawa zinakwenda kwenye anwani ya kazi aliyokwisha kuiacha. Tulikuja kushtuka zimebaki siku tatu. Seva ukiipoteza utajenga nyingine. Domeni akiichukua mtu mwingine, utabembeleza.

Sasa bakapu, yaani nakala za akiba. Kila mtu anajua bakapu ni muhimu, kwa hiyo sitahubiri. Nitasimulia tu yaliyowapata GitLab, kampuni inayowatunzia watu miradi yao ya programu na yenye wahandisi wanaolipwa mishahara, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi mmoja, usiku, amechoka, alidhani anafuta data kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye ile kuu. Takribani gigabaiti 300 zikabaki 4.5. Wakaenda kwenye bakapu za kila siku: hazikuwepo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata, ikawa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Na usijidanganye kwamba kioo, yaani seva inayonakili nyingine muda wote, ni bakapu. Mwaka 2013 KDE, mradi mkubwa wa programu huria, walikuwa na seva kadhaa zinazonakili hazina zao za kodi (maandishi ya programu zenyewe, si kodi ya serikali), zaidi ya 1,500. Seva kuu ilipoharibika, vioo vikanakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa. Kidogo wapoteze vyote. Kioo kinakuonyesha ulivyo sasa hivi, na bakapu inapaswa kukumbuka ulivyokuwa jana na mwezi uliopita.

Kwa hiyo mimi bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa siihesabu. Kila mwezi tunachukua ya usiku uliopita, tunaifungua kwenye seva tupu ya kukodi kwa saa moja, tunaingia kama mtumiaji wa kawaida na kutafuta kitabu. Kikionekana, tunaifuta seva tunakwenda kulala. Gharama yake haifiki ya chipsi kavu.

Vyeti vya usalama, vinavyofanya kivinjari kiiamini tovuti, kwa ufupi: vya kawaida vya Let's Encrypt, wanaovitoa bure, hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha muda unapokaribia kuisha. Acha mashine ijihuishie yenyewe, halafu weka kitu kingine, nje ya seva hiyo, cha kukupigia kelele ikishindwa.

Roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia akili bandia ni balaa jipya. Mwaka 2025 hata mradi mkubwa kama GNOME ulilazimika kuweka Anubis, programu inayokilazimisha kivinjari kupiga hesabu kidogo kabla ya kufunguliwa mlango. Sisi tulisita, maana walimu wanaotumia programu yetu wengi wana simu za bei poa, na hesabu hiyo wangeilipia wao kwa kusubiri. Tulichungulia kumbukumbu tukagundua roboti zilikuwa zinapekua zaidi kurasa za historia ya kodi, kila badiliko la kila faili tangu mwanzo. Kurasa hizo tukawaachia waliojisajili tu. Mzigo ukashuka siku ileile.

Jambo lililonigharimu marafiki wawili ni kusema hapana. Mtu wa kujitolea anakuja na moto wake: tuweke jukwaa la gumzo, tuweke wiki (kurasa ambazo wengi wanaweza kuzihariri), tuwe na seva yetu ya barua pepe. Anaisimika wikiendi moja. Baada ya miezi mitatu amepata kazi, au mtoto, na mtoto wake wa pili, yaani ile wiki, umeachiwa wewe umlee. Siku hizi nauliza swali moja: nani mwingine atakaa nayo zamu? Bila jina la pili, hatusimiki. Seva ya barua pepe tumeikataa mara nne.

Maelekezo ya kazi zote hizi tumeyaandika kwa Kiswahili, kwenye faili la kawaida lililo pia nje ya seva zenyewe. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya dada wa Nairobi kurejesha bakapu, mimi nikiwa nimekatazwa kugusa chochote. Akaenda vizuri mpaka hatua ya saba, pale nilipoandika "kisha endelea kama kawaida."

Ujumbe ukaingia: "Kaka, kawaida ya nani?"