Kabla hujapeleka kwa mchapaji hiyo nasaba ya Wakhattak

Mkuu, sitisha kwanza. Umeuliza asili ya Wakhattak, kabila la Wapashtuni wa Pakistani, matawi yao, masufi wao, ngoma yao na pa kupata picha za bure za kijitabu chako, halafu chini ukabandika mchoro wa nasaba ulioununua mtandaoni. Nimeufungua, nimeukuza, na presha imenipanda. Pale Turman na Bulaq wanapowekwa ndugu, na Tari akatoka kwa Turman, pako sawa. Lakini kutoka kwa Tari umeshuka mstari hadi kwa Sheikh Rahamkar, na chini yake pameandikwa "Kaka Khel, tawi la Wakhattak". Huo mstari ndio ulionigharimu mimi.

Sheikh Rahamkar, ambaye kwao anaitwa Kaka Sahib, alifariki mwaka 1653. Kaburi lake liko kwenye vilima vya wilaya ya Nowshera, kaskazini-magharibi mwa Pakistani, katika mji uliochukua jina lake, Ziarat Kaka Sahib. Kila Rajabu watu humiminika huko kwa urs yake, yaani kumbukumbu ya kufariki kwake. Kizazi chake ndicho Kaka Khel. Wao wenyewe wanasema ni masharifu, damu ya Husein bin Ali. Wapo Wakhattak wanaosema sheikh alikuwa mtu wao wa damu, na vitabu vya maofisa wa Kiingereza wa enzi za ukoloni vikaufuata usemi huo. Sasa wewe ukichora mstari mmoja tu umeshatoa hukumu, na hukumu hiyo inamwambia Kaka Khel kwamba babu yake si sharifu. Hebu fikiria mtu aje Lamu achapishe kwamba kizazi cha Habib Saleh ni tawi la Waamu na si masharifu, kisha agawe nakala mlangoni mwa msikiti wake wa Riyadha.

Nilikuwa kazini Sharjah, na kambini kwetu walijaa Wapashtuni. Kijitabu changu kilikuwa kimeshatoka, mchoro kauchora muuzaji mwenye maneno matamu, wino wa kijani, karatasi ya kung'aa. Nikampelekea mzee mmoja wa Kaka Khel, mlinzi wa ghala, mtu aliyekuwa akiniita mwanangu. Akavaa miwani, akapitisha kidole taratibu kutoka juu kushuka, jina kwa jina. Kilipofika kwa Rahamkar kikasimama. Akauliza kwa Kiarabu, "Nani kakupa hii?" Kabla sijajibu, kijana wa Kikhattak kutoka Karak aliyekaa pembeni akachungulia akasema mbona iko sahihi, sheikh ni wetu. Chai ikapoa, watu wawili waliokula sahani moja miaka yote wakaanza kurushiana maneno makali. Mzee alikikunja kile kijitabu, akanirudishia, na salamu zake kwangu zikawa za juu juu mpaka nilipoondoka. Nakala zote nikazitoa kwenye mzunguko. Fedha ya uchapaji haikurudi, na hiyo ndiyo sehemu iliyouma kidogo.

Yule muuzaji nilipomtafuta akanijibu eti "hayo yanajulikana". Yanajulikana na nani? Hakuwa na kitabu, hakuwa na mzee aliyemuuliza, alichonacho ni programu ya kuchora. Akiona jina linaishia na Khel, yaani ukoo, anavuta mstari na kupokea malipo. Nina hakika ningemwongeza kidogo angenichomeka na mimi humo. Watu hawa wanatulisha matango pori kwenye mambo ambayo wenyewe wanaweza kugombana hadi damu.

Sheria yangu ni moja, nakuomba uishike: silsila, yaani mlolongo wa masheikh na muridi wao, iwe kando, nasaba ya damu iwe kando, na kila mstari wa nasaba uandike nani kausema, lini, na kwa fedha ya nani. Khushal Khan Khattak (1613–1689), mshairi na mkuu wa kabila, alimheshimu sana Kaka Sahib. Ndugu yake Jamil Beg akaacha mambo ya upanga, akawa fakiri wa sheikh. Hiyo ni khabari ya murshidi na muridi. Haimfanyi sheikh kuwa binamu wa Khushal, wala haimnyimi kuwa hivyo.

Na asili yenyewe ipitishe kwenye sheria hiyo hiyo. Ile khabari ya Afghana mjukuu wa mfalme Talut, na Qais, anayehesabiwa babu wa Wapashtuni, aliyekwenda Madina akasilimu na kuitwa Abdur Rashid, ilipangwa na Nimatullah Harawi mwaka 1613, zama za mfalme Jahangir wa India, kwa udhamini wa Khan Jahan Lodi, mkubwa wa Kiafghani katika utawala wa Wamughal. Mtu wa cheo kama kile alihitaji babu wa kujivunia mbele ya Waturuki na Waajemi. Qais anapewa wana watatu: Sarban, Bettan na Ghurghusht. Wakhattak hawamo kwa hao watatu. Wao wanahesabiwa kwa Karlan, ambaye hadithi zinasema aliokotwa akiwa mtoto mchanga akalelewa. Kwa hiyo ukiandika tu "wana wa Qais", Mkhattak anayejua mambo yao atakusimamisha hapo hapo.

Matawi andika Tari na Bulaq, kisha taja Wasaghri na Bangi Khel wa upande wa mto Indus. Kisiasa kulikuwa na nyumba mbili, Akora kaskazini na Teri kusini. Akora ilikua kwa sababu Akbar, mfalme wa Wamughal, alimkabidhi Malik Akoray, baba wa babu yake Khushal upande wa kuumeni, ulinzi wa njia ya Attock kwenda Peshawar. Mjukuu wa Khushal, Afzal Khan, aliandika historia yao mwenyewe. Anzia kwake, kwa sababu angalau unajua ni Mkhattak anayewasemea Wakhattak.

Leo usiku futa ule mstari. Mweke Sheikh Rahamkar kwenye kisanduku chake, chini yake andika kauli zote mbili na wenye kauli, kisha ubandike mchoro mpya hapa tuukague kabla haujafika kwa mchapaji.